Leso za Chamba na Shali za Kullu

Maneno ya Katibu mbele ya Wajumbe wa Chama Kikuu, jioni ya kusherehekea miaka kumi



Baada ya habari za mizani, maghala na minada ya korosho kuzungumzwa mchana kutwa, tumepewa nafasi jioni hii tuseme neno juu ya kazi za mikono. Wajumbe wanaijua sababu. Katika ajenda ya kesho limo ombi la akina mama wa vyama vitatu vya pwani, wasukaji wa mikeka na makawa pamoja na washonaji wa kofia. Wanaomba Chama Kikuu kianzishe idara ya kazi za mikono, kiwanunulie ukili, rangi na uzi kwa jumla, na kiuze kazi zao kwa jina la Chama. Wako wajumbe wanaoliunga mkono ombi hilo, na wako wanaosema kwamba Chama cha korosho hakina shughuli na makawa. Sisi wa ofisini hatupigi kura. Lakini yatupasa kuwapa wapiga kura habari za kutosha, nasi tumeona kwamba habari za watu wengine waliokwisha kuipita njia hii zitafaa zaidi kuliko maoni yetu.

Tumechagua nchi ya mbali kwa makusudi. Ukitaja jirani, kila mtu husema anamfahamu, na mazungumzo huishia katika kusemana. Kwa hiyo tutakwenda Bara Hindi, upande wa kaskazini, katika milima ya Himalaya, kwenye jimbo liitwalo Himachal Pradesh. Huko hatukupata kufika. Tunayoyasema tumeyatoa katika vitabu na picha, na baadhi ya picha hizo ziko pale mezani karibu na mlango.

Himachal Pradesh lilianzishwa tarehe 15 Aprili 1948, zilipounganishwa falme ndogo ndogo za milimani, na likawa jimbo kamili tarehe 25 Januari 1971. Miongoni mwa falme hizo ulikuwamo ufalme wa Chamba. Mji wa Chamba umejengwa juu ya mto Ravi, mita 1,000 hivi juu ya usawa wa bahari, na ulifanywa makao ya wafalme katika karne ya 10, wakati wa Raja Sahil Varman, aliyehama kutoka Bharmour ndani zaidi ya milima. Watu wa nchi ile wengi ni wakulima wa mahindi, mpunga na ngano katika vishamba vilivyokatwa kama ngazi katika mteremko. Wengine, waitwao Wagaddi, ni wachungaji wa kondoo na mbuzi. Kiangazi hupanda na mifugo yao hadi malisho ya juu karibu na theluji, na majira ya baridi hushuka bondeni. Mchungaji wa Kigaddi hujifunga kiunoni kamba ndefu ya sufu nyeusi, akaizungusha mara nyingi, na ndani ya vazi lake juu ya kamba hiyo huweza kumbeba mwanakondoo aliyezaliwa njiani.

Sasa tuje kwenye leso. Kazi iliyoupatia mji wa Chamba sifa ni kitambaa cha mraba kilichodariziwa kwa hariri, kiitwacho rumal. Neno hilo ni la Kiajemi, na maana yake ya asili ni kitambaa cha kupangusia uso, yaani leso ile ya mkononi, si leso ya kujifunga. Lakini rumal ya Chamba haikufanywa kwa kupangusia chochote. Ilikuwa kitambaa cha kufunikia. Palipokuwa na arusi, watu wa upande wa bwana arusi na wa upande wa bibi arusi walipelekeana zawadi katika sinia, na kila sinia ilifunikwa kwa rumal. Sadaka zilizopelekwa hekaluni zilifunikwa vivyo hivyo. Akina mama waliomo ukumbini wameelewa kabla hatujamaliza kusema, maana hapa kwetu chakula cha heshima hakitembei njiani bila kawa, na kawa la chakula cha arusi silo kawa la kila siku.

Kitambaa chenyewe kilikuwa cha pamba, kimesokotwa na kufumwa kwa mkono, hakikupaushwa, laini kama melimeli au kizito kidogo kadiri ya uwezo wa mwenye kazi. Hariri haikusokotwa. Jambo hili ni kubwa, nasi twaomba wajumbe walishike. Uzi uliosokotwa ni rahisi kuushona, kwa kuwa haukwami wala hauchanguki. Lakini uzi usiosokotwa hulala bapa juu ya kitambaa, ukang'aa kama maji, na ukifunika vema nafasi iliyochorwa huonekana kama rangi iliyopakwa kwa brashi. Kwa hiyo mwanamke wa Chamba alichagua uzi mgumu kuutawala kwa sababu ya mng'ao wake.

Mshono wao huitwa do-rukha, yaani wenye nyuso mbili. Sindano hupita upande wa juu na upande wa chini kwa mpango mmoja, nyuzi zikilala sambamba bega kwa bega pande zote mbili kwa wakati mmoja, hata nafasi ya ua au ya nguo ya mchezaji ngoma ikajaa. Hakuna fundo. Hakuna uzi unaoruka kutoka ua hili hadi ua lile kwa njia ya mkato. Kazi ikiisha, picha ya upande wa chini ni ile ile ya upande wa juu, na mtu asiyeambiwa hawezi kutambua upi ndio uso na upi ndio mgongo. Tumeulizwa na mjumbe mmoja, tulipokuwa tukitayarisha maneno haya, faida ya taabu hiyo ni nini, ikiwa upande wa chini utalala juu ya sinia. Jawabu tunaliona katika kazi ya kitambaa chenyewe. Kitu cha kufunikia hufunuliwa. Anayepokea zawadi hushika ncha, akainua, na katika kuinua huuona upande wa pili mbele ya wageni wote.

Katika kazi hii walikutana mafundi wa namna mbili. Mchoro haukuchorwa na mshonaji peke yake. Chamba na falme jirani zake, Guler na Kangra, zilikuwa na wachoraji hodari wa picha ndogo ndogo za karatasi, hasa katika karne ya 18. Mashuhuri wao ni Nainsukh wa Guler, na mwanawe aitwaye Nikka alikuja kufanya kazi Chamba chini ya Raja Raj Singh, aliyetawala toka 1764 hata 1794. Mchoraji wa aina hiyo alichukua kipande cha makaa, akachora juu ya kitambaa mistari ya sura, miti na pambizo la maua, na pengine akaonyesha rangi zitakazotumika mahali gani. Kisha kitambaa kikaenda kwa mwanamke wa sindano. Ndiyo maana rumal nzuri za zamani zina mistari myepesi na ya hakika kama picha za karatasi. Walichora habari za Krishna na wachunga ng'ombe, na zaidi ya zote ile ngoma ya duara ambamo kila msichana amesimama na Krishna wake pembeni, ingawa Krishna ni mmoja. Walichora Ganesh mwenye kichwa cha tembo, na arusi, na mawindo, na mchezo wa kete uitwao chaupar. Iko rumal moja ndefu, katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert mjini London, yenye vita vya Kurukshetra, magari ya farasi na majeshi yakikabiliana.

Lakini isidhaniwe kwamba kazi ilikuwa ya majumba ya wafalme tu. Wanawake wa kawaida nao walidarizi. Hawa mara nyingi walichora wenyewe, juu ya kitambaa kizito zaidi, na rangi zao zilikuwa za ukali, nyekundu na manjano na zambarau, bila kujali sana kama mkono wa mtu umekuwa mrefu kuliko mguu wake. Wataalamu wengine huzidharau rumal hizi na kuziita za kishamba. Sisi kwa maoni yetu tumeziona picha za aina zote mbili, na zile za kishamba zina uchangamfu ambao za majumbani hazina. Ngamia wao wanacheka.

Tunalo jambo moja la kusema hapa kabla hatujaendelea. Majina ya wachoraji yanajulikana. Wataalamu wameandika vitabu juu ya Nainsukh na kaka yake Manaku, juu ya watoto wao, na juu ya nani alifanya kazi kwa mfalme yupi. Majina ya wanawake walioketi na sindano hayako. Nguo iko London, iko Delhi, iko katika jumba la makumbusho la Bhuri Singh pale pale Chamba, lililofunguliwa mwaka 1908. Mchoro umehusishwa na mchoraji au angalau na ukoo wa wachoraji. Aliyeijaza hariri hatajwi, ila kwa mmoja mmoja. Inasemekana kwamba rumal moja ya kale sana ilidariziwa na Bebe Nanki, dada yake Guru Nanak, mwanzilishi wa dini ya Masingasinga, na yeye anakumbukwa kwa sababu ya nduguye. Msambazaji wa ukili anayo stakabadhi, mchukuzi anayo stakabadhi, mwenye duka anayo leseni. Msukaji hana hata kipande cha karatasi. Tunaomba wajumbe wanaouliza idara ya kazi za mikono itaanzia wapi wajue kwamba itaanzia katika daftari la wanachama, kwa jina, kijiji, na tarehe ya kuingia.

Kabla ya kueleza jinsi kazi ilivyodhoofika, hatuna budi kutaja sikukuu yao moja, kwa sababu inahusu uzi na inahusu kilimo, navyo ni vitu viwili tunavyobishania. Kila mwaka mwezi wa Julai au Agosti watu wa Chamba hufanya sikukuu ya Minjar kwa muda wa wiki nzima. Minjar ni mbelewele ya mahindi. Mahindi yanapochanua, watu hujifungia vishada vya nyuzi za hariri na za dhahabu mfano wa mbelewele hizo, wakavivaa nguoni siku zote za sikukuu, na siku ya mwisho maandamano hushuka hadi mto Ravi na vishada hutupwa majini kuomba mavuno. Na kishada cha kwanza, kile kinachotolewa kwanza katika hekalu la Kihindu, kwa desturi ya tangu enzi za wafalme hutengenezwa na familia moja ya Kiislamu ya mjini. Hatusemi zaidi. Twataka tu ionekane kwamba mahali pale mkulima na mshona nyuzi hawajawahi kuwa watu wa vyama viwili.

Sasa, kazi ilidhoofika vipi? Wengi watajibu upesi kwamba wafalme waliondoka. Ni kweli kwamba ufalme ulikwisha mwaka 1948, na aliyekuwa akiagiza rumal kumi kwa arusi moja hakuagiza tena. Lakini uharibifu ulikuwa umekwisha kuanza kabla ya hapo. Wachoraji walikuwa wamepungua, na mchoro ukawa unanakiliwa kutoka nakala ya nakala. Kitambaa cha kiwandani kilikuwa rahisi kuliko cha mkono. Rangi za dukani zilikuwa kali na hazikuhitaji kuchemshwa. Uzi uliosokotwa ulikuwa haumsumbui mtu. Kila badiliko, ukilitazama peke yake, lilikuwa la busara. Hakuna mwanamke aliyekaa siku moja akasema, leo naiharibu rumal. Hata ikafika wakati ambapo kilichouzwa kwa wageni kwa jina la rumal ya Chamba kilikuwa kitambaa cha mashine, kimeshonwa upande mmoja kwa uzi mnene, na upande wa pili ni mafundo.

Tuna methali yetu isemayo, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii imesemwa mara tatu katika mkutano wa leo, na tunaomba radhi kwa wazee kwa kutokubaliana nayo. Habari za Chamba zinatuonyesha kwamba chema hujiuza mahali ambapo mnunuzi ana jicho. Zamani aliyeipokea rumal alikuwa mama mkwe, na mama mkwe mwenyewe alikuwa mshonaji tangu utoto. Aliishika ncha, akaigeuza. Kama nyuma palikuwa na fundo moja, ukoo mzima uliliona. Baadaye mnunuzi akawa msafiri anayepita mjini siku mbili. Yeye haigeuzi. Huitazama juu, huuliza bei, hutaja nusu yake. Mbele ya mnunuzi wa namna hiyo, mwanamke aliyeshona pande zote mbili kwa miezi mitatu na mwanamke aliyeshona upande mmoja kwa wiki mbili wanapewa bei ile ile, na baada ya muda si mrefu hubaki mmoja tu katika biashara.

Mambo haya si ya Himalaya peke yake. Yupo mnunuzi mmoja wa mjini, jina lake halina haja, ambaye kwa misimu kadha amekuwa akiagiza makawa kwa akina mama wetu kwa dazeni. Msimu wa kwanza alilipa vizuri. Msimu wa pili alisema soko limeanguka. Msimu wa tatu alileta kawa la nailoni lililotoka ng'ambo, akaliweka mbele yao, akasema, mkishinda bei hii nitachukua, msiposhinda basi. Akina mama wakapanua ukili, wakaacha kuuchemsha mara ya pili katika rangi, na mshono wa kuunganisha wakauruka. Nani atawalaumu? Naye alipoyapokea makawa hayo alilalamika kwamba kazi za pwani zimekuwa mbovu, akapunguza bei tena.

Huko Chamba kazi ilirudishwa, si yote, kwa njia ambayo inafaa tuieleze kidogo. Jumba la zamani la wafalme liitwalo Rang Mahal, ambalo ujenzi wake ulianza wakati wa Raja Umed Singh katikati ya karne ya 18, lilifanywa na serikali mahali pa kufundishia na kufanyia kazi za mikono. Kisha katika miaka ya 1990 baraza moja la watu wapendao kazi za mikono, Delhi Crafts Council, lilifanya jambo ambalo sisi tunaliona ni la akili nyingi. Hawakuanza kwa kutafuta soko. Walikwenda kwanza katika majumba ya makumbusho, wakapiga picha rumal bora za karne ya 18 na ya 19, wakampa mchoraji azichore upya juu ya kitambaa, wakatafuta hariri isiyosokotwa, ndipo wakawapa wanawake wa Chamba wazishone kwa mshono wa nyuso mbili, bila kuwaharakisha. Nakala hizo zilipokamilika wakazionyesha kwa watu. Mwanzoni mwa karne hii wakafungua kituo mjini Chamba kwa jina la Charu, ambapo wanawake hufundishwa na kulipwa. Yupo pia mwalimu mmoja wa Chamba, Bibi Lalita Vakil, aliyewafundisha wasichana na wanawake kazi hii kwa miaka mingi, na mwaka 2022 serikali ya India ilimpa nishani ya Padma Shri. Na mwaka 2007 jina la rumal ya Chamba liliandikishwa kisheria, hata mtu wa mahali pengine asiweze kuliweka juu ya bidhaa yake.

Wajumbe wasiotaka idara watasema, hayo yote ni msaada wa wafadhili na nishani za serikali, na wafadhili huondoka. Tunakubali. Nishani haipiki ugali. Kwa sababu hiyo, tuondoke Chamba, tuvuke milima kuelekea bonde la mto Beas, kwenye wilaya ya Kullu, ambako habari ni ya watu wenyewe na vitanda vyao vya kufumia.

Wakulu ni wafumaji wa sufu. Tangu zamani wanawake wao huvaa nguo nzito iitwayo pattu, hujizungushia mwilini na kuibana mabegani kwa pini za fedha, na wanaume huvaa kofia ya mviringo yenye utepe wa rangi mbele. Washona kofia wetu wataitazama kofia hiyo pichani kwa hamu, kwani nayo humtambulisha mtu atokako. Lakini nguo ya Kullu hapo zamani ilikuwa ya rangi moja au ya miraba tu. Mapambo ya pembe nyingi yanayoonekana leo katika shali zao yaliletwa na wafumaji wa upande wa Bushahr na Kinnaur waliofika Kullu, hasa katika miaka ya 1940. Wenyeji wakajifunza kwao. Twalitaja hili kwa ajili ya wale wanaosema kwamba ufundi wa asili haubadiliki.

Mwaka 1944, katika kijiji cha Bhutti, wafumaji kumi na wawili waliunda chama cha ushirika. Kumi na wawili tu. Katika ukumbi huu safu moja ya viti ina watu zaidi. Kwa miaka ya kwanza chama hakikusonga mbele. Mwaka 1956 kiliingiwa na mtu mmoja, Ved Ram Thakur, ambaye alikishika na kukipanga upya, na baada yake mwanawe aliendelea kukiongoza kwa miaka mingi. Chama hicho, ambacho leo watu hukiita Bhuttico, hununua sufu kwa wingi, huipaka rangi, huwapa wafumaji nyuzi tayari, nao hufuma, wengine katika vibanda vya chama na wengine majumbani mwao. Shali ikirudi hukaguliwa, hulipwa kwa kadiri ya kazi iliyomo, na huuzwa katika maduka ya chama chenyewe, yaliyoenea katika miji ya Bara Hindi. Mfumaji hahangaiki na mteja. Mteja naye, hata asipokuwa na jicho, yuko mtu aliyetazama kwa niaba yake kabla shali haijafika dukani.

Wana adui wao. Viwanda vya mashine vya nchi ya tambarare hufuma shali zenye mapambo ya Kullu kwa bei ndogo sana, na zinauzwa njiani kwa jina la Kullu. Iko sheria ya India ya mwaka 1985 inayohifadhi aina kadha za nguo zifumwe kwa vitanda vya mkono tu, lakini sheria bila mkaguzi ni karatasi. Kinachoitambulisha shali ya chama dukani ni duka lenyewe na alama ya chama.

Sasa tuwajibu waliosema kwamba Chama cha korosho hakina shughuli na makawa. Vyama vyetu vina nasaba. Wajumbe wanajua kwamba wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda umoja wao mwaka 1925, na kwamba baada ya sheria ya vyama vya ushirika ya Tanganyika ya mwaka 1932, Chama Kikuu cha KNCU kiliandikishwa mwaka 1933. Lakini sheria ile ilifuata mfano uliokwisha kujaribiwa Bara Hindi. Mrajis tunayempelekea hesabu zetu kila mwaka ni cheo kilichozaliwa kule, katika sheria ya mwaka 1904. Tena katika sehemu ambayo leo imo ndani ya Himachal Pradesh, kijiji cha Panjawar, inasemekana watu walikwisha kuunda chama chao mwaka 1892, kabla sheria yoyote haijakuwapo. Ile ya 1904 iliruhusu vyama vya kukopeshana tu. Ilibadilishwa mwaka 1912, na sheria ya 1912 ikafungua mlango kwa vyama vya mauzo, kwa vyama vya mafundi, na kwa vyama vikuu vinavyounganisha vyama vidogo. Mlango mmoja, mwaka mmoja. Chama Kikuu cha wakulima na chama cha wafumaji ni watoto waliozaliwa pamoja.

Tena wakulima wa korosho wanao ujuzi ambao idara hii itauhitaji kuliko fedha. Je, ni nini kilichowapa bei hawa wakulima katika miaka kumi hii? Si korosho zenyewe, miti ilikuwako. Ni ile desturi ya kuzitandaza, kuzichambua, kuzitenga daraja la kwanza na daraja la pili, kuzipima unyevu, na kuzipeleka mnadani zikiwa zimekaguliwa na watu wetu. Mkulima mchafu hawezi kumwangusha mkulima safi, kwa kuwa magunia yao hayachanganywi. Kwa makawa na kofia hakuna mtu afanyaye hivyo. Anayesuka ukili mwembamba na anayesuka ukili mpana wanatiwa katika dazeni moja. Ofisi imependekeza, na karatasi wajumbe wanazo, kwamba wakaguzi wa idara wawe akina mama wazee watatu waliochaguliwa na wasukaji wenyewe, wala wasiwe makarani. Kwamba kila kazi ifungwe kijikaratasi chenye namba ya mwanachama. Na kwamba kazi ya daraja la pili ilipwe kwa bei yake, isitupwe, maana mwenye kujifunza naye anakula.

Yako maswali mawili ambayo karatasi zetu hazikuyamaliza, na tungependa kesho yajadiliwe kwa ukali. La kwanza ni fedha za kununulia ukili na uzi kabla ya mauzo ya kwanza. Kama zitatoka katika akiba ya korosho, wakulima wana haki ya kuuliza zitarudi lini na kwa riba gani. La pili ni akina mama ambao si wanachama wa chama chochote cha msingi, kwa kuwa shamba limeandikwa kwa jina la mume. Masharti yetu yanasema mwanachama ni mwenye zao. Mikono ya msukaji, je, ni zao au si zao? Mrajis ameulizwa kwa barua. Jibu lake litasomwa kesho asubuhi likiwa limefika, na lisipofika mkutano utaendelea.

Bwana Mwenyekiti, chai iko tayari, nasi tusiwazuie wageni. Pamoja na picha za Chamba na Kullu, pale mezani karibu na mlango yako makawa mawili. Moja ni la dazeni ya mwisho iliyopelekwa kwa yule mnunuzi wa mjini. La pili limesukwa na mama yule yule, kwa chakula cha arusi ya binti yake, naye ameturuhusu tulionyeshe mradi lirudi kabla ya Ijumaa. Hatukuandika lipi ni lipi. Wajumbe wapitapo wayashike, na wayageuze.